Kizimba, uzio wa ndani, huru nyumbani au nyasi za nje: sungura wako mkubwa akimbie wapi?

Sungura wa nyumbani huchangamka mara mbili kwa siku: alfajiri kunapopambazuka, na jioni giza linapoanza kuingia. Nairobi iko karibu na ikweta, kwa hiyo saa hizo hazisogei sana mwaka mzima. Jua huchomoza na kutua karibu saa kumi na mbili na nusu. Na hizo ndizo saa ambazo mwenye sungura yuko ndani ya matatu Thika Road akienda kazini, au kwenye foleni ile ile akirudi. Sungura aliyefungiwa hukosa vipindi vyake vyote viwili. Akifunguliwa saa tatu usiku anazunguka kidogo, anajilaza kando ya kochi, na watu wa nyumbani wanasema ni mvivu.

Kwa hiyo ukubwa wa nafasi ni nusu tu ya swali. Nusu nyingine ni nani yuko nyumbani saa ngapi, sakafu ni ya nini, na nani anashika mkebe wa pelleti, yaani chakula cha kiwandani cha punje punje. Hapa tunalinganisha njia nne zinazotumika mjini: kizimba chenye saa za kutolewa, uzio wa ndani ya nyumba, kumwacha huru nyumbani, na uzio wa nje kwenye nyasi. Yote ni kwa sungura aliyekomaa, yaani aliyepita miezi 6 hivi kwa jamii ndogo kama Dutch, na karibu mwaka kwa wakubwa kama Flemish Giant. Mtoto anayekua hapunguziwi chakula, na haya hayamhusu.

Tunapima nini

Kila njia tunaipima kwa mambo manne. La kwanza ni mwendo: je, anaweza kuruka mara tatu mfululizo kabla ya kufika ukutani, kusimama kwa miguu ya nyuma masikio yakiwa wima, na kujinyoosha wote akilala, tena katika zile saa zake? Rabbit Welfare Association and Fund ya Uingereza inapendekeza eneo la mita 3 kwa 2, lenye kimo cha mita 1, kwa jozi ya sungura, na walifikie usiku na mchana. La pili ni chakula: njia hiyo inakuwezesha kujua anachokula, au anajiokotea? La tatu ni hatari. La nne ni kazi na gharama, kwa kuwa njia nzuri inayokuchosha kufikia wiki ya tatu haitakuwepo ya nne.

Lakini kabla ya yote, jua uzito wake. Usimpime kwa jedwali la jamii. New Zealand White hufika kilo 4 hadi 5, Dutch kilo 2 na ushee, ila wengi wanaouzwa hapa mjini ni machotara, na chotara hana jedwali. Tumia mkono. Mweke sakafuni juu ya taulo, upitishe vidole ubavuni bila kukandamiza. Mbavu zihisike moja moja chini ya nyama laini, kama unavyohisi mifupa ya nyuma ya kiganja chako vidole vikiwa vimenyooka. Ukilazimika kubonyeza ndipo uzipate, amenenepa. Zikiwa na ncha kali na uti wa mgongo umetokeza, amekonda. Jike kuwa na mkunjo wa ngozi chini ya kidevu ni kawaida. Mkunjo mkubwa unaomzuia kujilamba si wa kawaida.

Kisha angalia nyuma. Sungura hutoa kinyesi cha aina mbili: zile punje kavu unazofagia, na kingine laini chenye kung'aa ambacho hukila moja kwa moja kinapotoka, kwa sababu bado kina virutubisho. Aliyenenepa hafikii. Kinyesi hicho humganda kwenye manyoya, nzi hutaga humo, na funza huingia kwenye ngozi. Funza wanaweza kumuua sungura ndani ya siku chache, wakati mwingine moja tu. Makalio machafu ni dalili ya unene hata kabla ya mizani kusema.

Mizani yenyewe iwe ya dijitali ya jikoni, inayobeba kilo 5 au 10 kulingana na sungura wako. Weka beseni juu, rudisha sifuri, kisha mwingize. Pima siku ile ile kila wiki, asubuhi kabla ya pelleti, uandike. Ile mbinu ya kupanda mizani ya bafuni ukiwa umembeba, kisha kutoa uzito wako, hukosea kwa gramu 100 au 200 bila shida, na kwa mnyama wa kilo 2 na nusu hizo ni nyingi. Akihitaji kupungua, apungue polepole: karibu asilimia 1 ya uzito kwa wiki, isipite 2. Wa kilo 3 ni gramu 30 hadi 60. Usimshindishe njaa kamwe. Sungura asiyekula nusu siku, au asiyetoa kinyesi, ni wa kukimbizwa kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, na aliyenenepa yuko hatarini zaidi kwa sababu ini lake hujaa mafuta upesi akikosa chakula.

Chakula hakibadiliki njia ikibadilika

Mazoezi bila kurekebisha chakula hayapunguzi kitu. Nyasi kavu ziwepo saa zote, na furushi la siku moja liwe na ukubwa wa angalau mwili wake. Boma Rhodes inapatikana kwenye agroveti na kwa wauzaji wa nyasi za ng'ombe. Chagua marobota yenye rangi ya kijani bado, yanayonukia, yasiyotoa vumbi wala harufu ya ukungu. Usimjazie lusini. Ina protini na kalisi nyingi. Inawafaa watoto na majike wenye mimba, si mkubwa anayekaa.

Pelleti ndizo hunenepesha wengi. Zile za agroveti kwa kawaida zimetengenezewa sungura wa nyama, ambao lengo lake ni kuongeza uzito haraka, na wewe unataka kinyume. Kiwango cha juu kwa mkubwa ni gramu 25 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Pima mara moja kwenye mizani, uweke alama kwenye kikombe, na kikombe hicho kiwe cha nyumba nzima. Akiwa mnene, punguza kwa robo kila wiki mbili huku ukitazama kama anaongeza nyasi.

Kwa mama mboga omba majani ya karoti, ambayo watu wengi hutupa, na dania. Kishona nguo kutoka mahali pasiponyunyiziwa dawa ni kizuri pia. Sukuma wiki iwe jani moja au mawili, si fungu. Karoti yenyewe na ndizi ni sukari: kipande cha unene wa kidole, siku moja moja. Ugali, mkate, chapati na biskuti zisikaribie. Kitunguu na avokado ni sumu kwake, na kwa avokado hata majani na ganda.

Kizimba chenye saa za kutolewa

Mwendo. Vizimba vingi vinavyotengenezwa na mafundi wa jua kali ni vya ufugaji wa nyama, futi 2 kwa 2 na nusu hivi. New Zealand wa kilo 4 ndani yake hageuki vizuri, sembuse kuruka. Kama kizimba kitakuwa chumba chake cha kulala, mwambie fundi futi 6 kwa urefu, futi 2 kwa upana, na kimo cha kumruhusu kusimama wima. Hata hicho hakitoshi peke yake. Anahitaji saa 3 au 4 nje kila siku, na zigawanywe asubuhi na jioni. Saa nne za adhuhuri, wakati yeye mwenyewe anataka kulala, zina faida ndogo sana. Hapa ndipo njia hii huvunjika kwa watu wanaotoka saa kumi na moja asubuhi. Inafaulu pale palipo na mtu mwingine: dada wa nyumbani, mwanafunzi, nyanya.

Chakula. Hakuna njia inayodhibiti chakula vizuri kuliko hii. Unaona nyasi zilizobaki, unaona punje za kinyesi, unajua kilichoingia. Kinyesi kikipungua au kuwa kidogo kidogo, utakiona siku ile ile.

Hatari. Kubwa ni sakafu ya waya. Sungura hana pedi za nyayo kama mbwa, ana manyoya tu juu ya ngozi, na aliyenenepa hubanwa zaidi. Nyuma ya mguu huota kipara, kisha chekundu, kisha kidonda kisichopona. Funika angalau theluthi mbili za waya kwa ubao au mkeka wa mkonge, na mkeka ubadilishwe ukilowa. Geuza miguu yake utazame kila unapompima. Hatari ya pili ni ya tabia: kumkimbiza ili arudi ndani. Ukifanya hivyo mara chache atajifunza kujificha nyuma ya friji. Badala yake pelleti za siku mpe wakati wa kurudi, zisiwe kabla. Tikisa mkebe, zimwage ndani ya kizimba, funga mlango akishaanza kula. Baada ya wiki moja au mbili atakuwa anakuja mwenyewe akisikia mkebe.

Kazi na gharama. Kizimba ni cha fundi na kinadumu. Usafi ni wa kila siku lakini wa dakika chache. Mkojo wa sungura huacha utando mweupe mgumu wa kalisi kwenye trei. Sabuni haiutoi, siki ikikaa juu yake robo saa inautoa.

Inamfaa mwenye nafasi ndogo na mtu wa kukaa nyumbani, na inafaa pia kwa muda, kama sungura yuko kwenye matibabu na unahitaji kuona kila punje. Haimfai anayeishi peke yake na kurudi usiku.

Uzio wa ndani

Hapa sungura hafungiwi, anazungushiwa. Unachukua kona ya sebule au chumba. Kuta mbili zinakupa nusu ya uzio bure, na kwa eneo la mita 3 kwa 2 unabaki na mita 5 za wavu. Wavu wa kuchomelewa wenye matundu ya inchi 1 ndio bora. Ule wa kofitrei, wa kuanikia kahawa, nao unafaa ukiwekwa kwenye fremu ya mbao. Kimo kiwe sentimita 90, maana mkubwa mwenye afya huruka 60 bila kujiandaa. Unganisha vipande kwa waya wa kufungia, ncha zikielekea nje. Vifungo vya plastiki huvitafuna, na akivikata uzio hufunguka usiku wa manane.

Mwendo. Faida yake kubwa ni kwamba saa kumi na mbili asubuhi uko barabarani na yeye anakimbia. Hakungoji. Lakini eneo la mita 6 za mraba likiwa na bakuli la chakula, maji na choo vyote kona moja, sungura atakaa kona hiyo. Vitenganishe. Choo na nyasi viwe pamoja upande mmoja, kwa kuwa sungura hupenda kula akijisaidia. Maji yawe upande wa pili. Nyasi nyingine zining'inize kwa kimo cha kumlazimu asimame. Katikati weka katoni mbili kutoka supamaketi zilizotobolewa milango miwili miwili (ukiwa mmoja tu atahisi amenaswa), ukiwa umetoa utepe wa gundi na pini zote. Pelleti usizitie bakulini: zitawanye kwenye nyasi, au zifungie ndani ya vile viini vya karatasi ya choo vilivyojazwa nyasi. Gramu 60 alizokuwa akizimaliza kwa dakika tano zitamchukua nusu saa ya kuzunguka.

Kisha sakafu. Fleti nyingi za Nairobi zina taili, na hili watu hawalioni: sungura kwenye taili haendi. Nyayo zake za manyoya huteleza, akiteleza mara mbili anaacha kujaribu, na ile nafasi kubwa inabaki yako si yake. Kama unaona anatoka mkekani kwa hatua za kunyatia, tumbo likiwa chini, kisha anarudi, tatizo ni taili. Tandika njia nzima ya kukimbilia, si kona ya kulalia tu. Mkeka wa mkonge ni salama akitafuna kidogo. Zulia fupi lisilo na nyuzi ndefu linafaa, kingo zikiwa zimebanwa chini ya wavu. Yale mabamba ya povu ya watoto yaache; akiyala yanaziba tumbo.

Chakula. Unakidhibiti karibu sawa na kwenye kizimba, mradi watoto wasirushe vitu juu ya wavu. Watarusha.

Hatari. Ni chache kuliko njia nyingine. Wavu wenye matundu makubwa hunasa kichwa; uzio mwepesi husukumwa hadi ukafikia waya wa taa. Balkoni si mahali pa uzio hadi upime nafasi kati ya vyuma, uivike wavu hadi kimo cha mita 1, na ujue jua la saa nane linapiga wapi.

Kazi na gharama. Wavu na mikeka hugharimu zaidi mwanzoni kuliko kizimba kidogo. Choo ni beseni pana lenye magazeti chini na nyasi juu. Hubadilishwa kila siku moja au mbili. Kwenye bedsita uzio huu utakula karibu nusu ya chumba, na hilo halina njia ya kulipamba.

Inamfaa anayefanya kazi mbali, na hasa mwenye sungura mnene anayehitaji kupungua, kwa sababu inampa mwendo bila kuachilia chakula.

Huru nyumbani

Mwendo. Kwa nadharia hapa ndipo anapokimbia zaidi: korido ndefu, sebule, kuruka kochini na kushuka. Kwa vitendo inategemea sakafu, kama tulivyosema, na kama ana sababu ya kutoka chini ya kochi. Sungura huru asiyewekewa chochote cha kufanya hulala chini ya kitanda mchana kutwa na kunenepa sawa na wa kizimbani. Mtandikie njia kutoka chumba hadi chumba na utawanye nyasi sehemu tatu au nne.

Chakula. Huu ndio udhaifu wake. Makombo ya chapati chini ya meza, chakula cha paka, biskuti ya mtoto, na kila anayepita jikoni anampa kipande cha karoti akidhani ni yeye peke yake. Uzito ukipanda kwenye njia hii, kabla ya kugusa pelleti keti na watu wa nyumba mhesabu vipande.

Hatari. Hapa tuseme polepole, maana orodha ni ya kwetu. Kwanza, mpira wa gesi. Majiko mengi hapa huunganishwa na mtungi kwa mpira unaopita karibu na sakafu, na sungura hutafuna mpira. Jikoni pafungwe kwa mlango au wavu, basi, hakuna mjadala. Pili, nyaya za umeme: za friji, televisheni, chaja. Nunua bomba la plastiki la kupitishia nyaya kwenye duka la vifaa vya ujenzi, lipasue kwa urefu kwa kisu, uvalishe waya. Zinazoweza kupanda ukutani zipande. Tatu, dawa ya panya na ya mende. Chembe za dawa ya panya hufanana na pelleti na huua. Kama zimewahi kuwekwa nyuma ya makabati, sogeza makabati utoe zote kabla hujamwachilia. Nne, ule mlango wa vyuma unaoachwa wazi kwa hewa: mkubwa wa kilo 2 hupita kati ya vyuma. Na vyuma vya balkoni vivyo hivyo, kwenye ghorofa ya nne.

Kazi na gharama. Gharama ya vifaa ni ndogo, kazi ya maandalizi ni kubwa. Asiyehasiwa atatia alama kwa mkojo kila kona, dume akirusha hata ukutani. Aliyehasiwa hujifunza choo upesi. Kumbuka tu kwamba baada ya kuhasiwa mahitaji yake ya nguvu hushuka, kwa hiyo pelleti zishuke naye.

Inamfaa mwenye nyumba tulivu, watu wazima wachache, sungura aliyehasiwa, na mtu yupo sehemu kubwa ya siku. Kwa nyumba ya watoto wa chini ya miaka mitano ni kazi ya walinzi wawili.

Uzio wa nje kwenye nyasi

Mwendo. Ardhi haitelezi, kuna harufu mpya kila siku, anachimba, anakula akitembea. Fremu ya mbao ya futi 8 kwa 4 isiyo na sakafu, yenye wavu juu na pande zote, inabebwa na watu wawili na kusogezwa kila siku kwenye nyasi mpya. Kama ni uzio wa kudumu, tandaza wavu bapa wa sentimita 45 kuzunguka ndani ya kingo, maana atachimba pembeni kwanza.

Chakula. Nyasi mbichi ndicho chakula chake cha asili, na sungura anayezila kutwa pamoja na nyasi kavu anaweza kubaki na kijiko kimoja cha mezani cha pelleti, au asizihitaji kabisa. Lakini aliyezoea nyasi kavu asiachiliwe kwenye majani mabichi siku nzima. Anza na dakika 15, ongeza taratibu kwa wiki mbili, la sivyo ataharisha. Nyasi zilizokatwa kwa mashine usimpe: huanza kuchacha kwenye lundo ndani ya muda mfupi na kumjaza gesi.

Hatari. Mbwa wa jirani na paka wanajulikana. Mwewe wa Nairobi hushuka hadi uani, ndiyo maana wavu wa juu si mapambo. Nguchiro hupenya tundu dogo. Na kwa wanaokaa Karen, Lang'ata na maeneo yenye miti, siafu: mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba huwatoa, hutembea usiku, na mnyama aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Hiyo peke yake inatosha kumwingiza ndani kila magharibi. Mchana adui ni joto. Januari hadi Machi jua la Nairobi hupita nyuzi 25, na sungura hatoi jasho. Akilala amejinyoosha, akihema haraka na masikio yakiwa moto, mwingize kivulini, umlowanishe masikio kwa maji ya kawaida yasiyo ya barafu, kisha umpigie daktari. Baridi ya Julai haimsumbui, kulowa ndiko kunamsumbua. Bustani nayo ikaguliwe: lantana, oleanda na ule mmea wa maua meupe yanayoning'inia kama tarumbeta ni sumu.

Kazi na gharama. Mbao, wavu mwingi, na mtu wa kukaa karibu. Kwenye fleti zenye uwanja wa pamoja, uliza kwanza msimamizi nyasi hunyunyiziwa nini na lini.

Inamfaa mwenye kiwanja na mtu wa mchana. Si makao ya usiku.

Kwa hali yako

Unatoka saa kumi na moja na kurudi saa mbili usiku, unaishi peke yako: uzio wa ndani, hata ukianza na mita 2 kwa 2. Jioni ukirudi ondoa kipande kimoja cha wavu, umwachie chumba huku unapika na mlango wa jikoni umefungwa.

Kuna dada wa nyumbani au mzee anayekaa kutwa, na nafasi ni ndogo: kizimba kirefu kinatosha, mradi mtu huyo ajue kwamba saa za kumtoa ni alfajiri na jioni, na kikombe kiwe na alama moja anayoifuata kila mtu.

Una kiwanja: changanya. Nyasi za nje saa mbili asubuhi hadi saa nne, tena kuanzia saa kumi jua likipoa, na uzio wa ndani usiku.

Sungura ni mnene tayari: usimwachilie huru bado. Uzio wa ndani, sakafu imetandikwa, pelleti zimetawanywa, mizani kila wiki. Kwa siku za kwanza mpe nafasi ndogo kuliko unayokusudia, uiongeze kila siku chache, kwa kuwa miguu yake haijazoea. Uzito usiposhuka kwa mwezi mzima, au ukishuka kwa kasi, mwone daktari aangalie meno. Sungura mwenye meno yanayomuuma huacha nyasi na kung'ang'ania pelleti, na kwa nje huonekana mlafi.

Una mmoja na unafikiria mwenza: wawili husukumana kukimbia kuliko mwanasesere wowote, na dume na jike waliohasiwa ndio hukaa vizuri. Wasiohasiwa watakupa watoto baada ya siku 31 hivi, na madume wawili wasiohasiwa hupigana hadi kuumizana vibaya. Tafuta daktari aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board, na umuulize waziwazi amewahasi sungura wangapi, kwa sababu dawa ya usingizi ya sungura si sawa na ya mbwa.

Ni mzee, amepita miaka 6, na ameacha kuruka: usidhani ni uvivu. Viungo huuma. Weka ngazi fupi badala ya kuruka, choo chenye ukingo wa chini, mkeka mnene, na nyasi karibu naye. Kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Upper Kabete, na ni mahali pa kuanzia kama daktari wa mtaani kwako hutibu ng'ombe na mbwa tu. Nenda na daftari la uzito na picha ya kinyesi cha siku mbili zilizopita.